Sindano inayong'ang'ania: kuchagua sindano ya santuri kwa ajili ya skrachi

Mwaka 2018 kampuni ya Shure ya Marekani ilitangaza kuwa inaachana na biashara ya sindano za santuri. Kwa mtu anayesikiliza muziki kwenye simu, habari hiyo ilikuwa nyepesi kama unyoya. Kwa wapiga skrachi, yaani maDJ wanaoivuta na kuisukuma santuri kwa mkono chini ya sindano ili itoe sauti ya kukwaruza, ulikuwa msiba. Katriji moja ya kampuni hiyo (katriji ni kiboksi kinachobeba sindano), M44-7, ikaanza kutafutwa kwa udi na uvumba. Aliyekuwa na akiba akaifungia kabatini, na asiyekuwa nayo akaenda kwa walanguzi.

Cha ajabu ni kwamba M44-7 haikuwa kifaa cha kifahari hata kidogo. Familia yake ya M44 ilitoka miaka ya 1960, na ukimpa mtu anayependa kukaa sebuleni na kusikiliza jazi kwa utulivu atakwambia zipo sindano zinazosikika vizuri kuliko hiyo kwa mbali. Atakuwa amesema kweli, ila atakuwa amejibu swali ambalo DJ wa skrachi hakuuliza.

Mkanganyiko wa kuchagua sindano unaanzia hapo. Karibu kila maelezo yanayoandikwa kwenye boksi la katriji yanamhusu msikilizaji: sauti nyembamba zinafika wapi, almasi imechongwa kwa ustadi gani, uzito ni mwepesi kiasi gani ili santuri isilike. DJ wa skrachi anataka kwanza sindano inayong'ang'ania ndani ya mfereji wake huku santuri ikivutwa na kusukumwa kwa mkono. Utamu wa sauti unakuja baadaye. Na mara nyingi sifa zinazompendeza msikilizaji ndizo zinazomwangusha mpiga skrachi.

Kilichomo ndani ya kichwa

Kiswahili nacho kinatuchanganya kidogo, kwa sababu neno sindano limebebeshwa mzigo mkubwa: kuna ya kushonea, kuna ya hospitali, kuna ya santuri. Hata kwenye santuri tunasema sindano tukimaanisha kichwa kizima. Basi tuvitenganishe. Mwishoni mwa mkono wa mashine ya kuchezea santuri kuna katriji, kiboksi kidogo chenye koili za waya ndani yake. Kwenye katriji huchomekwa kipande kinachoweza kutolewa na kubadilishwa. Hicho ndicho kinachouzwa peke yake kama sindano ya akiba. Kipande hicho kina kijiti chembamba, kwa kawaida bomba dogo la alumini, kilichoshikiliwa na mpira. Mbele ya kijiti kuna chembe ya almasi, nyuma yake kuna sumaku. Almasi ikitikiswa na mfereji wa santuri, sumaku inatikisika karibu na zile koili, umeme mdogo sana unazaliwa, na umeme huo ukikuzwa ndio muziki unaousikia.

Ukishaiona picha hiyo, maneno ya muuzaji yanapungua kutisha. Umbo la almasi, ugumu wa kijiti na mpira wake, nguvu ya umeme unaotoka kwenye koili: hivyo vitatu, pamoja na uzito unaoukandamiza mkono chini, ndivyo vinavyotofautisha sindano moja na nyingine. Kuna pia aina iliyogeuzwa, ambayo koili ndizo zinazocheza na sumaku ndiyo imetulia. Wapenda usikivu huzisifu sana. Umeme wake huwa mdogo, na nyingi hazibadilishiki sindano. Kwa skrachi, zipite mbali.

Wazee wetu walikuwa na hadithi nyingine. Santuri za Siti binti Saad, zile za kwanza alizorekodi Bombay mwaka 1928, zilichezwa kwa gramafoni za kuzungusha kwa mkono na sindano za chuma ambazo zilitakiwa kubadilishwa baada ya kila upande mmoja. Kichwa cha gramafoni kiliilalia santuri kwa uzito wa zaidi ya gramu 100. Sindano ya skrachi ya leo inakandamizwa kwa gramu 3 au 4, ambayo ni kama kijiko cha chai cha sukari, na bado tunasema ni nzito. Kwa msikilizaji wa sebuleni, gramu 2 zinatosha kabisa.

Kwa nini inaruka

Mfereji wa santuri una umbo la herufi V. Kuta zake mbili zimekutana kwa pembe ya digrii 90, ukuta mmoja unabeba sauti ya kulia na mwingine ya kushoto. Almasi haigusi chini kabisa. Imekaa imeegemea kuta zote mbili, kama mpira uliotumbukia kwenye mtaro ukakwama katikati. Na mifereji imebanana. Kwenye santuri ndefu ya kawaida, sentimita moja inabeba mifereji 80 hadi 120 hivi, kwa hiyo kutoka mfereji mmoja hadi wa jirani ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Sindano ikiruka, haihitaji kuruka mbali.

Sasa chukua fimbo, iburute nyuma yako ukitembea kwenye barabara ya changarawe. Ncha yake inateleza juu ya kokoto bila shida. Kisha ielekeze mbele yako uisukume. Inachimba, inakwama, halafu inaruka. Sindano ya santuri ilibuniwa kuburutwa. Santuri ikizunguka mbele, msuguano unakivuta kijiti kwa ulaini. DJ anapoirudisha nyuma, msuguano uleule unakisukuma kijiti kuelekea kwenye mpira wake, na hilo linatokea mara nyingi ndani ya sekunde moja, tena kwa nguvu ya mkono na siyo ya mota. Grand Wizzard Theodore, kijana wa Bronx anayetajwa kuwa mwanzilishi wa skrachi katikati ya miaka ya 1970, alianza ufundi huu kwa vifaa ambavyo hakuna mhandisi aliyevitengeneza akifikiria jambo kama hilo.

Kuna na nguvu ya pembeni, na hii ndiyo wengi hawaifahamu. Mikono ya mashine nyingi, ikiwemo ya Technics SL-1200, imepinda kama herufi S na kichwa chake kimekaa kwa pembe. Kwa sababu ya pembe hiyo, santuri ikienda mbele mkono huvutwa kidogo kuelekea katikati. Watengenezaji wakaweka kirekebishi, kile kitufe chenye namba pembeni ya mkono, ambacho huuvuta mkono kwenda nje ili nguvu zilingane. Kwa msikilizaji hesabu hiyo ni safi. Lakini ukiirudisha santuri nyuma, mvuto nao unageuka, unaelekea nje, na kirekebishi kinakuwa kimeungana na adui. Ndiyo maana wapiga skrachi wengi hukiweka kwenye 0 na kukisahau.

Vestax ya Japani ilikwenda mbali zaidi ikatengeneza mashine zenye mkono ulionyooka kama rula, maarufu kati yake ikiwa PDX-2000. Mkono usio na pembe hauna mvuto mkubwa wa pembeni, kwa hiyo sindano inang'ang'ania zaidi. Gharama yake ni kwamba almasi haikai sawasawa na mfereji, na sikio makini litasikia mikwaruzo kidogo kwenye sauti. Hapa nawaunga mkono Vestax: anayepiga skrachi hataisikia mikwaruzo hiyo, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye mkwaruzaji. Kampuni hiyo ilifunga milango mwaka 2014, ila mikono iliyonyooka bado inatengenezwa na wengine.

Tufe au duaradufu

Almasi huchongwa kwa maumbo kadhaa, lakini DJ anahitaji kujua mawili. La kwanza ni tufe: ncha ya mviringo yenye nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). La pili ni duaradufu, yaani ncha iliyobanwa pembeni ili kingo zake nyembamba ziingie kwenye vijikunjo vidogo vya mfereji ambavyo tufe hupita juu yake.

Duaradufu inasikika vizuri zaidi, hilo halina ubishi. Sauti za matoazi zinang'aa na maneno yenye "s" hayachafuki. Lakini kingo hizo nyembamba zinagusa ukuta kwa eneo dogo, kwa hiyo uzito uleule unageuka kuwa shinikizo kubwa zaidi. Ukisogeza santuri mbele na nyuma mahali pamoja mara mia, kingo hizo zinafanya kazi ya patasi. Baada ya muda utaanza kusikia mchakacho mahali pale unapoanzishia wimbo. MaDJ wanaujua ugonjwa huo, na hauna dawa. Tufe nayo inaula mfereji, ila polepole zaidi, na inarudi nyuma bila kuchimba sana.

Kwa hiyo ukiona katriji ya DJ iliyoandikwa kuwa ni ya duaradufu, jua imekusudiwa mtu anayeunganisha nyimbo klabuni. Kwa skrachi, tufe. Sijaona sababu ya kulizungusha jambo hili zaidi.

Uzito si dawa ya kila kitu

Sindano ikiruka, mkono wa kwanza wa DJ mchanga huenda kwenye jiwe la mizani nyuma ya mashine. Anaongeza uzito. Ikiruka tena, anaongeza tena. Wengine hubandika sarafu juu ya kichwa, ufundi wa tangu enzi za babu. Sarafu inaongeza uzito kweli, lakini pia inakifanya kichwa kiwe kizito kusogea, kwa hiyo santuri iliyopinda kidogo inakirusha kichwa badala ya kukipandisha na kukishusha taratibu.

Kila katriji ina kiwango chake, na kinaandikwa kwenye karatasi yake. M44-7 ilipendekezwa gramu 1.5 hadi 3. Concorde MkII Scratch ya Ortofon ya Denmark inapendekezwa gramu 4, na ruhusa ni kati ya 3 na 5. Linganisha namba hizo vizuri. Sindano iliyosifika kuliko zote kwa kung'ang'ania ilikuwa inafanya kazi kwa gramu 3 tu, chini ya nyingine nyingi za DJ. Kilichoishikilia kilikuwa uwiano wa kijiti na mpira wake, siyo kukandamizwa. Na kwa kuwa haikuhitaji kukandamizwa, ilizitunza santuri. Hiyo ndiyo sababu hasa ya watu kuililia.

Ukizidisha uzito kuliko kiwango, mpira unakandamizwa mpaka kijiti kinalala na tumbo la katriji linakaribia kugusa santuri. Hapo sindano haina tena nafasi ya kupanda na kushuka, na itaruka zaidi ya mwanzo. Mpira nao utachoka kabla ya wakati wake.

Kupima, usitegemee namba za kwenye jiwe peke yake. Mizani ndogo ya dijitali, mfano wa ile ya sonara, inapatikana kwa bei nafuu na inamaliza ubishi. Usipokuwa nayo, zungusha jiwe mpaka mkono uelee hewani sambamba na santuri, weka gurudumu la namba kwenye 0 bila kuligusa jiwe, kisha zungusha vyote pamoja mpaka kwenye uzito unaoutaka.

Nguvu ya sauti, na kwa nini skrachi inapenda kelele

Umeme unaotoka kwenye katriji hupimwa kwa milivolti. Katriji nyingi za nyumbani hutoa 3 hadi 5. M44-7 ilitoa 9.5. Concorde MkII Scratch inatoa 10. Ukitoka 5 kwenda 9.5, sauti imepanda kwa karibu desibeli 6 kabla hujagusa kitufe chochote cha miksa, ile mashine inayochanganya sauti za santuri mbili.

Tofauti hiyo ina maana. Skrachi ni sauti iliyokatwakatwa. Mkono mmoja uko kwenye santuri, mwingine uko kwenye krosifeda, kile kitelezi cha miksa kinachohamisha sauti kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ukifungua na kufunga kwa kasi, na kinachotoka ni vipande vifupi mno. Kipande kifupi kikiwa dhaifu, kinamezwa na ngoma zinazopigwa upande wa pili. Ukilazimika kuipandisha miksa ili kukikuza, unapandisha pamoja nacho muungurumo wa waya na mtetemo wa besi unaorudi kutoka kwenye spika kupitia mezani hadi kwenye sindano. Katriji yenye nguvu inakuepusha na hayo. Angalizo moja tu: baadhi ya miksa za zamani huzidiwa na milivolti 10, na sauti ikaanza kupasuka hata ikiwa umeiteremsha. Ukisikia hivyo, kosa si la sindano.

Sauti gani sasa inakatwakatwa? Pengine sauti iliyokwaruzwa kuliko zote duniani ni ile "aaah" na neno "fresh" zilizomo mwishoni mwa upande wa pili wa santuri ya Change the Beat ya mwaka 1982. Ni sauti ya mtu iliyopitishwa kwenye mashine, na nguvu yake iko katikati, mahali sauti ya binadamu inapokaa. Matoazi yanayong'aa hayana kazi hapo. Kwa hiyo katriji inayosukuma mbele sauti za kati na besi, hata kama juu imepungua, inaifaa skrachi zaidi. Mpenda usikivu ataiita katriji chafu, na mpiga skrachi atakwambia inaongea.

Ugumu wa kijiti

Hapa ndipo penye siri, na ndipo panapoelezwa vibaya. Watu husema sindano ya skrachi iwe ngumu. Ni kweli kwa kiasi. Kijiti laini sana kinayumba mkono unapobadilisha mwelekeo, kama mti wa mpapai kwenye upepo, na yumba hiyo inaitupa almasi nje ya mfereji. Lakini kijiti kigumu kupita kiasi nacho hakifuati mfereji pale ambapo besi imechonga kona kubwa; kinapigwa na ukuta na kurushwa. Kati ya hayo mawili kuna mahali pazuri, na mahali hapo hutegemea mkono wako. Anayegusa santuri kwa wepesi anaweza kutumia sindano laini kuliko anayeikandamiza kama anayekanda unga wa chapati.

Ortofon ilikiri jambo hili ilipotoa VNL, katriji inayokuja na sindano tatu zenye ugumu tofauti, ili DJ azijaribu mwenyewe na kubaki na inayomfaa. Naona ni uaminifu wa aina yake: kampuni inakubali kwamba jibu moja la wote halipo.

Kabla hujailaumu sindano

Ningekuwa na uwezo ningeiweka sehemu hii mwanzo wa kila tangazo la sindano. Kuruka kwingi hakutoki kwenye sindano.

Angalia tundu la katikati ya santuri. Likishalika na kuwa pana, santuri nzima inacheza ukiivuta, na hakuna sindano itakayovumilia hilo. Suluhisho la maDJ ni kuzungushia utepe mwembamba kwenye kile kijiti cha katikati ya sahani ya mashine mpaka santuri ikae bila kuyumba. Angalia kitambaa kilicho chini ya santuri. Kikiwa kizito na kinang'ata, unahitaji nguvu nyingi kuirudisha santuri, na nguvu nyingi ndiyo inayorusha sindano. Wengi huweka karatasi laini ya plastiki chini ya kitambaa ili kiteleze. Angalia meza, usawa wake na uimara wake. Angalia skrubu mbili zinazoshikilia katriji kwenye kichwa, na pete inayofunga kichwa kwenye mkono. Zikilegea kwa nusu mzunguko tu, utatafuta mchawi wiki nzima.

Kisha mahali mashine ilipokaa. Wapiga skrachi huigeuza mashine robo mzunguko ili mkono wake uwe upande wa mbali na mikono ya binadamu. Si madoido. Eneo la kuchezea santuri linabaki wazi, na hakuna kiganja kitakachoukumba mkono wa mashine katikati ya onyesho.

Na santuri yenyewe. Santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja tu upande mmoja ina mifereji mipana iliyoachana, na inashika sindano kuliko santuri ndefu yenye nyimbo sita zilizobanana. Pia ina sauti kubwa.

Kuna ujanja mmoja kwenye santuri za skrachi ambao kila nikiufikiria nacheka kwa furaha. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Maana yake, sindano ikirukia mfereji wa jirani, imekwenda mbele au nyuma kwa sekunde 1.8 kamili. Basi watengenezaji wa santuri za skrachi walijiuliza: vipi tukirekodi sauti ileile ikijirudia kila baada ya sekunde 1.8? Sindano iruke itakavyo, itaangukia palepale. Na ukipanga mdundo wa mapigo 133.33 kwa dakika, mapigo manne yanaingia sawasawa ndani ya mzunguko mmoja. Kwa mdundo wa 100 yanaingia matatu. Ngoma inaendelea, "aaah" inaendelea, na hadhira haijui kwamba sindano imeruka mara tano. Mwanafunzi anayeanza angefaidika zaidi na santuri moja ya namna hii kuliko na katriji ya bei mbaya.

Santuri za programu

Leo maDJ wengi wanaotumia mashine za santuri hawachezi muziki uliomo kwenye santuri. Wanatumia santuri maalumu ya kuiongozea programu ya kompyuta, kama zile za Serato au Traktor. Kwenye mifereji yake kuna mlio wa kipimo. Kwa Serato ni mlio wa hezi 1,000. Programu inausikiliza, inajua santuri inakwenda upande gani na kwa kasi gani, na inauchezesha wimbo uliomo kwenye kompyuta kulingana na mkono wako.

Hili limebadilisha hesabu. Utamu wa katriji hauna maana tena, kwa kuwa sauti unayosikia haitoki kwenye santuri. Kinachotakiwa ni mlio safi na uliolingana kulia na kushoto. Programu hizi huonyesha kwenye skrini duara linalochorwa na mlio huo. Likiwa duara zuri, sindano na waya ni salama, na likiwa yai au limekatika upande, safisha sindano, kaza kichwa, kagua waya za ardhi. Nguvu ya milivolti nayo si lazima iwe ya juu. Bado lakini kung'ang'ania kunahitajika, ingawa programu zina hali ambayo haijali sindano iko sehemu gani ya santuri, inafuata mwendo tu. Kwenye hali hiyo, sindano ikirukia mfereji wa jirani wimbo hauruki nao. Kitakachopotea ni alama yako, ile stika unayobandika juu ya santuri ili kujua sauti inaanzia wapi.

Wapo walioamua kuachana na sindano kabisa: kuna vifaa vidogo vinavyowekwa juu ya santuri na kutuma mwendo wake bila waya, na kuna mashine kama Rane Twelve isiyo na mkono wala sindano. Kwa mtu anayecheza mahali penye mtetemo na vumbi ni wazo la busara.

Ununue ipi

Ningeanza na swali ambalo halimo kwenye boksi: sindano ya akiba utaipata wapi miaka mitatu ijayo, na kwa bei gani? Katriji yenyewe hudumu miaka mingi. Sindano huisha. Yaliyowapata waaminifu wa M44-7 ni hayo hasa: walikuwa na katriji nzima mikononi, hawana cha kuchomeka. Waliokolewa na Jico ya Hyogo, Japani, kampuni iliyoanza mwaka 1873 kwa kutengeneza sindano za kushonea na baadaye ikahamia za santuri. Jico inatengeneza sindano zinazoingia kwenye katriji za Shure, na baadaye ikatoa katriji yake ya mtindo uleule, J44A. Kwa anayetaka hisia ya M44-7, njia ni hiyo.

Upande wa pili kuna Concorde za Ortofon, ambazo umbo lake la ndege lilianza mwaka 1979. Faida yake ni kwamba katriji na kichwa ni kitu kimoja: unachomeka kwenye mkono, unafunga pete, umemaliza. Hakuna skrubu, hakuna kupima almasi imesogea mbele kiasi gani. Anayebeba vifaa vyake kwenye begi kutoka onyesho moja hadi jingine atauelewa utamu wa jambo hilo. Katriji ya kufunga kwa skrubu inataka subira, lakini inakupa uhuru wa kuisogeza na hata kuigeuza kidogo ndani, kitu ambacho wapiga skrachi wa mikono ya S hukifanya ili kupunguza ule mvuto wa pembeni.

Nunua mbili za aina moja kwa wakati mmoja. Sindano mpya upande wa kushoto na iliyochoka upande wa kulia zitakupa sauti mbili tofauti, na utatumia jioni nzima kuzilinganisha kwenye miksa. Na jihadhari na N44-7, sindano ya akiba ya M44-7, inayouzwa kwa bei ya kutupa huku imeandikwa jina la Shure kana kwamba imetoka kiwandani jana. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza mwaka 2018. Sindano inayojitangaza wazi kuwa ni mbadala wa Jico inaaminika kuliko inayojidai kuwa ya asili.

Ukishaipata, itunze. Vumbi hujikusanya kwenye almasi na kuwa kama kipande cha sufi, na sufi hiyo inaibeba almasi juu ya mfereji. Tumia brashi laini, ukivuta kutoka nyuma kuja mbele, upande ambao santuri huenda, na kamwe usiende kinyume. Usitumie kidole, kina mafuta, na kijiti ni chembamba kuliko unavyofikiri. Siku unayofunga sindano mpya, andika tarehe kwa kalamu kwenye kiboksi chake na uchague wimbo mmoja wenye sauti ya mtu, kisha uucheze kila mwezi kwenye santuri ambayo huikwaruzi. Herufi "s" zikianza kutoka kama mtu anatema mate, sindano hiyo imeshaanza kuzila santuri zako.